Kituo cha Polisi Kiko Wapi? Somo kutoka Kaunti ya Wiltshire

Somo la safari hii halitoki nyumbani bali hapa hapa Uingereza, na linahusu jengo ambalo wengi wetu tunalipita bila kulitazama, nalo ni kituo cha polisi. Nimechagua kaunti moja tu, Wiltshire, kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo inayotajwa kuwa kaunti ya mwanzo kuunda polisi wake chini ya sheria ya mwaka 1839 (watu wa Gloucestershire watabisha, maana nao walianza karibu wakati huo huo). Pili, wengi wetu tumeshapita huko hata kama hatukujua. Ukipanda treni Southampton kwenda Bath au Bristol unapita Salisbury, Warminster, Westbury, Trowbridge na Bradford-on-Avon, na miji yote hiyo mitano ni ya Wiltshire. Waliokwenda kutalii Stonehenge nao wamekanyaga huko.

Kaunti ni kitu gani? Wakenya hawana haja ya kuelezwa, tangu 2013 wanazo 47. Kwa Watanzania, fikiria mkoa mdogo. Wiltshire ina karibu kilomita za mraba 3,500, yaani Unguja mara mbili na zaidi kidogo. Ni mashamba na mabonde, miji midogo midogo, na mji mmoja mkubwa tu ambao ni Swindon.

Nitafuata swali moja mpaka mwisho. Mtu wa kawaida wa kaunti hii, akiwahitaji polisi au polisi wakimhitaji yeye, alikuwa anakwenda umbali gani, na akifika anamkuta nani? Ukilishika swali hilo utaona mengi kuliko ukikariri majina ya wakuu wa polisi.

NYUMBA VIPOFU

Kabla ya 1839 hapakuwa na kituo cha polisi vijijini kwa sababu hapakuwa na polisi wa kuajiriwa. Kila parokia ilikuwa na konstebo wake, mkulima au fundi wa pale pale aliyepewa kazi hiyo kwa zamu, mara nyingi bila mshahara na bila kupenda. Juu yake walikuwa mahakimu wa kaunti, ambao nao hawakulipwa, lakini hao walikuwa wenye ardhi na mapadri, watu wazito.

Konstebo akimkamata mlevi au mwizi wa kuku usiku alikuwa na tatizo moja: amweke wapi mpaka asubuhi? Nyumbani kwake? Mke wake angekubali? Ndiyo maana vijiji vingi vya Wiltshire vilijenga kijumba kidogo cha mawe, chumba kimoja au viwili, chenye paa la mawe na mlango mzito, bila dirisha. Wenyeji walikiita nyumba kipofu, kwa kuwa nyumba isiyo na dirisha haioni. Bado vipo vingi. Kile cha Steeple Ashton kilijengwa 1773 na kimesimama kwenye uwanja wa kijiji mpaka leo. Kingine kipo Lacock, kingine Heytesbury, na Bromham kimejengwa kwenye ukuta wa uwanja wa kanisa. Trowbridge kiko penye daraja la mji. Bradford-on-Avon walifanya kioja zaidi: mahabusu yao imo juu ya daraja lenyewe, chumba cha mawe kilichoning'inia juu ya mto, na juu ya paa lake kuna samaki wa chuma anayeonyesha upepo unakotoka. Aliyelala humo walisema kalala chini ya samaki na juu ya maji.

Ukiviona leo ni vitu vya kupiga picha. Lakini angalia umbali. Aliyefungiwa humo alikuwa hatua mia moja kutoka nyumbani kwake. Mama yake alijua yuko wapi. Mlevi akipiga kelele, kijiji kizima kinasikia. Hapakuwa na choo, hapakuwa na moto wakati wa baridi, wala hapakuwa na mtu wa kumchungulia usiku kama amezidiwa. Ukaribu ulikuwepo, usalama haukuwepo, na jambo hilo litarudi mbele.

HOFU YA WENYE MASHAMBA

Kwa nini basi kaunti ya wakulima iwe ya kwanza kutaka polisi wa kulipwa? Si kwa sababu ya wezi wa kuku. Mwezi wa Novemba 1830 vibarua wa mashamba kusini mwa Uingereza waliinuka na kuvunja mashine za kupura nafaka, ambazo zilikuwa zimewanyang'anya kazi yao ya majira ya baridi. Barua za vitisho zilipelekwa kwa matajiri zikiwa na sahihi ya mtu wa kubuni, Kapteni Swing. Wiltshire ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizowaka sana. Tarehe 25 Novemba, kwenye shamba la Pythouse karibu na Tisbury, wapanda farasi wa jeshi la akiba walipambana na vibarua na kibarua mmoja akauawa. Januari 1831 mahakama maalumu ilikaa Salisbury, na wanaume wengi wa kaunti hii wakasafirishwa Australia kama wafungwa. Wengi wao hawakurudi tena.

Halafu wakaja Wachartisti, watu waliodai kura kwa kila mwanamume na kura ya siri. Walikuwa na nguvu Trowbridge na Bradford, miji ya viwanda vya nguo za sufu. Pasaka ya 1839 kiongozi wao Henry Vincent alikwenda kuhutubia Devizes, na mkutano ukaishia kwenye mapigano, safari hii wapinzani wake ndio waliomvamia. Mahakimu wa kaunti walikuwa wanatazama yote haya huku wakijua kwamba nguvu yao ni konstebo wa zamu na, wakizidiwa, wanajeshi.

Sheria ya 1839 iliziruhusu kaunti kuajiri polisi kwa kodi ya wenyeji, lakini haikuzilazimisha, na iliweka kikomo cha konstebo mmoja kwa kila watu 1,000. Wiltshire ilichangamka mwaka huo huo. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Kapteni Samuel Meredith, afisa wa jeshi la majini, akapewa watu 200 hivi. Kaunti nyingine zilikataa kwa miaka mingi zikilalamikia gharama, mpaka sheria ya 1856 ilipolazimisha kila kaunti na kila mji kuwa na polisi. Serikali kuu ikaahidi kulipa robo ya mishahara na sare kwa kikosi kitakachopita ukaguzi. Bunge lilijua vizuri kwamba amri peke yake haitoshi, lazima iambatane na fedha.

Kwa hiyo tusidanganyane. Polisi wa kaunti hawakuanzishwa kwa sababu wanakijiji waliwaomba. Walianzishwa na watu waliowaogopa wanakijiji. Hata hivyo nyumba walizopewa ziliwabadilisha, kama tutakavyoona.

KITUO, MAHAKAMA NA NYUMBA PAMOJA

Watu 200 kwa kaunti nzima huwezi kuwaweka mahali pamoja, wala huwezi kuwaacha walale kwenye magesti. Taratibu zikajengwa nyumba. Kwenye miji midogo ya kaunti za Kiingereza za wakati wa Malkia Victoria kituo kilikuwa jengo la matofali au mawe lenye vitu vitatu kwa pamoja: nyumba ya sajini au inspekta na familia yake, selo mbili tatu kwa nyuma, na mara nyingi chumba cha mahakama. Mtu alikamatwa, akalala na kuhukumiwa chini ya paa moja, na aliyesimama kumshtaki mbele ya hakimu alikuwa polisi yule yule. Watu walizoea kuiita mahakama ya polisi, na kwa kweli jina lilikuwa la haki.

Pale mezani palikuwa na daftari kubwa la kuandikia kila tukio. Mkenya au Mganda akisoma hapa atacheka, maana hiyo ndiyo OB tunayoijua. Mtanzania naye anaidai RB yake kabla hajaondoka kaunta. Daftari hilo lilisafiri na ukoloni likaja kwetu, na bado lipo.

Salisbury ilikuwa na mambo yake. Miji yenye hadhi ya manispaa ilitakiwa kuwa na polisi wake chini ya sheria ya 1835, kwa hiyo mji huo wa kanisa kuu ulikuwa na kikosi kidogo tofauti na cha kaunti iliyouzunguka. Mwizi akitoka nje ya mpaka wa mji anakuwa mwizi wa mkuu mwingine. Hali hiyo iliendelea mpaka 1943, katikati ya vita, serikali ilipounganisha vikosi vingi vya kusini, na Salisbury ikamezwa na Wiltshire.

MKE WA KONSTEBO

Sasa tufike kijijini, sehemu ninayoona ni muhimu kuliko zote na ambayo vitabu vinaipita haraka.

Konstebo wa kijiji alipewa nyumba. Ilikuwa nyumba ya kawaida yenye bustani ya viazi na kabichi, ila juu ya mlango pana kibao cha polisi, na baadaye, hasa kwenye nyumba zilizojengwa kwa wingi baada ya vita kuu ya pili, kuna kiofisi kidogo chenye mlango wake wa pembeni, meza, simu na benchi. Kawaida hakupangiwa kijiji alikozaliwa, ili asiwe na ndugu wa kumpendelea. Aliomba ruhusa ya wakubwa ili aoe, na mchumba mwenyewe alichunguzwa.

Kwa nini wajali tabia ya mchumba? Kwa sababu walikuwa wanaajiri watu wawili kwa mshahara wa mmoja. Konstebo yuko nje, kwa miguu au kwa baiskeli, anazunguka vijiji vyake na kukutana na mwenzake wa jirani kwenye njia panda saa waliyopangiwa. Nani anapokea simu? Nani anamfungulia mkulima aliyeibiwa kondoo, nani anampa chai mama aliyempoteza mtoto, nani anaandika namba ya gari lililogonga na kukimbia? Ni mke. Hakuwa na kiapo, hakuwa na sare, na kwa muda mrefu hakuwa na hata senti. Mume akihamishwa, naye anahama na watoto. Mume akifa au akifukuzwa kazi, nyumba inarudi kwa kaunti. Kituo cha polisi cha kijiji cha Kiingereza, kinachosifiwa sana kwenye filamu, kiliendeshwa nusu yake na mwanamke asiyelipwa.

Hapo ndipo nyumba ilipowabadilisha polisi. Mtu aliyeletwa kulinda mashamba ya matajiri alijikuta anaishi kwenye mstari mmoja na vibarua, watoto wake wanasoma shule moja na watoto wao, mkewe ananunua mkate duka moja. Akimwonea mtu leo, kesho anamkuta kwenye foleni ya posta. Sisemi kwamba alikuwa malaika. Nasema kwamba alikuwa anaonekana.

Linganisheni na kwetu. Mwingereza huyo huyo alipokwenda kutawala nje hakupeleka nyumba hii. Wanahistoria wengi wanaona kwamba polisi wa makoloni walifuata zaidi mfano wa Ireland, polisi wenye bunduki wanaokaa kambini. Ndiyo maana hadi leo tuna "laini za polisi" na kota, familia nyingi za askari zikiwa pamoja ndani ya ua, na raia nje. Konstebo wa Wiltshire na askari wa Mombasa au Tabora wa 1930 walitumikia mfalme mmoja, lakini mmoja alipanda kabichi karibu na jirani yake na mwingine alilala kwenye mabanda ya serikali.

GARI NA REDIO

Kilichoua nyumba ya konstebo si chuki ya mtu. Ni gari na redio ya mkononi. Miaka ya 1960 serikali ilihimiza utaratibu mpya nchi nzima: badala ya polisi wengi kwa miguu, wachache kwenye magari madogo ya rangi mbili, yaliyobatizwa jina la panda kama yule mnyama. Gari moja lilifunika eneo lililokuwa na makonstebo kadhaa wa baiskeli. Simu ikajibiwa makao makuu (kwa Wiltshire ni Devizes) na redio ikamfikia polisi popote alipo. Mke hakuhitajika tena mlangoni, na yeye mwenyewe, kusema ukweli, alikuwa ameshapata kazi yake yenye mshahara.

Polisi nao walitaka kununua nyumba zao wenyewe, na huwezi kununua nyumba ya kaunti. Walioajiriwa kuanzia Septemba 1994 hawakupata hata posho ya nyumba. Basi nyumba za vijijini zikauzwa moja moja. Ukipita vijiji vya huku utaona nyumba imeandikwa kwenye geti "Nyumba ya Polisi ya Zamani", na ndani anakaa daktari mstaafu. Jina linapandisha bei.

SHERIA ILIYOBADILI SELO

Mpaka hapo tumezungumzia nani anakaa kituoni. Mwaka 1986 likaja badiliko la aina nyingine, na wanafunzi wa sheria mnalijua, ila huenda hamkuliangalia kama jambo la majengo. Sheria iitwayo PACE ilipitishwa 1984 ikaanza kazi Januari 1986. Ndani yake, kila mtu anayewekwa mahabusu lazima awe na afisa wa mahabusu, kwa kawaida sajini, ambaye hahusiki na upelelezi wa kesi hiyo. Lazima kuwe na kumbukumbu ya kila saa: amekula nini, amelala lini, nani kamwona. Uhalali wa kuendelea kumshikilia unapitiwa upya baada ya saa 6 za kwanza, kisha kila baada ya saa 9. Mwisho ni saa 24 bila kushtakiwa. Kwa makosa mazito mkubwa wa cheo cha superintendent anaweza kufikisha 36, na mahakama peke yake ndiyo inaweza kuongeza, isizidi 96. Ugaidi una sheria zake. Mahojiano yakaanza kurekodiwa kwa kanda. Mwaka huo huo kazi ya kushtaki ikatolewa mikononi mwa polisi ikapewa idara ya waendesha mashtaka wa serikali.

Ni sheria nzuri. Ilizaliwa kwa sababu watu walikuwa wanabambikiwa maungamo. Lakini fikiria sajini wa mji wa Wiltshire mwenye selo mbili za mwaka 1870 nyuma ya ofisi yake. Atatoa wapi afisa wa mahabusu usiku na mchana? Atatoa wapi chumba cha kurekodia, chumba cha wakili, nesi, kamera, na mlango usio na mahali pa mtu kujitundika? Haiwezekani kufanya hivyo kila mji. Jibu likawa kufunga selo ndogo na kujenga chache kubwa. Haki zilipoongezeka, mahabusu ilisogea mbali. Hilo halikuandikwa kwenye sheria, lakini ndilo lililotokea. Wiltshire ikaishia na sehemu mbili: Gablecross, pembezoni mwa Swindon, na Melksham.

KISA CHA SALISBURY

Baada ya 2010 fedha zikakauka. Serikali kuu ilipunguza ruzuku ya polisi nchi nzima, na idadi ya polisi wa England na Wales ikashuka kutoka karibu 144,000 mwaka 2010 hadi karibu 122,000 mwaka 2018. Majengo yakawa kitu cha kwanza kutazamwa: yanakula umeme, yanavuja, na ardhi yake ina bei. Tangu Novemba 2012 majengo hayo yalikuwa mikononi mwa kamishna wa polisi anayechaguliwa kwa kura, kwa hiyo kufunga kituo likawa pia jambo la siasa.

Salisbury ilikuwa na kituo kikubwa barabara ya Wilton, chenye selo. Kilifungwa 2014. Jengo likageuzwa kuwa chuo cha ufundi na sayansi kwa vijana, likafungua milango Septemba 2015. Watu wakasema afadhali, polisi wametoka lakini elimu imeingia. Chuo hakikupata wanafunzi wa kutosha, kikafungwa 2020.

Polisi wenyewe walihamia Bourne Hill, ofisi za halmashauri, jumba zuri lenye bustani karibu na katikati ya mji. Chippenham walifanya vile vile, wakaingia ofisi za halmashauri za Monkton Park. Wazo si baya. Mwananchi anakuja kulipa kodi ya nyumba, anaripoti na baiskeli yake iliyoibiwa hapo hapo. Gharama zinagawanywa. Mimi nadhani kwa mtu aliyeibiwa baiskeli hakuna alichopoteza.

Aliyepoteza ni mwingine. Ofisi za halmashauri hazina selo. Aliyekamatwa Salisbury akawa anapelekwa Melksham, karibu kilomita 50, barabara ya mashambani, saa nzima kwenye gari kama hakuna trekta mbele. Polisi wawili wanaompeleka wameondoka mtaani, na kwenda na kurudi pamoja na makaratasi ni nusu ya zamu yao. Kuna na hili: zile saa 24 za PACE kwa kawaida zinaanza kuhesabiwa anapofika kituoni, si anapovishwa pingu. Safari haimo. Na akiachiwa saa 8 usiku bila shtaka lolote, yuko kwenye mji mdogo ambao treni hazipiti usiku, umbali wa kilomita 50 na kitanda chake. Hiyo ndiyo nyumba kipofu iliyogeuzwa nje ndani. Sasa kuna choo, joto, nesi na kamera. Mama yake tu ndiye hajui yuko wapi.

Halafu ikaja Machi 2018. Mnajua habari yenyewe: jasusi wa zamani wa Urusi, Sergei Skripal, na binti yake Yulia walipewa sumu ya Novichok mjini Salisbury. Mpelelezi wa Wiltshire, Nick Bailey, aliyeingia nyumbani kwa Skripal, naye aliathirika. Sumu hiyo inabebwa na nguo na viatu, na Bourne Hill ikaingia kwenye orodha ya sehemu tisa zilizotakiwa kusafishwa na wataalamu, pamoja na vituo vya magari ya wagonjwa na mgahawa walikokula. Kituo cha peke yake kingefungwa wakahangaika polisi tu. Hapa palikuwa ofisi za halmashauri pia, zenye wafanyakazi na wananchi wao. Waliopanga kuchangia jengo mwaka 2014 hawakuwa wanafikiria sumu ya kijeshi, na nani angefikiria? Lakini kwenye somo la majengo ni mfano ambao hausahauliki.

NA SISI JE?

Kwa baadhi yetu, kaunta ya polisi ilikuwa sehemu ya kwanza ya serikali kuijua. Wenzetu Waswahili wenye pasipoti za Oman walikuwa kwenye orodha ya mataifa yaliyotakiwa kujiandikisha polisi ndani ya siku 7, kulipa ada ya £34 na kupewa cheti. Wakenya, Watanzania na Waganda hawakutakiwa. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja kazaliwa Muscat na mwingine Unguja, wanafika chuo kimoja. Mmoja anatafuta ofisi ya polisi kabla hajatafuta hata mchele, mwingine hana habari. Utaratibu huo ulisitishwa tarehe 4 Agosti 2022, kwa hiyo mgeni wa sasa asisumbuliwe na ushauri wa zamani unaozunguka.

Kwa mambo mengine, kaunta unaihitaji mara chache. Dharura ni 999, yasiyo ya dharura ni 101 au kwenye intaneti, na kile unachokiita OB au RB utapewa kama namba ya tukio. Itunze, bima ya simu au laptopu wataidai.

Ukikamatwa, haki zako zinakufuata kwenye jengo lolote. Una haki ya wakili wa bure kituoni, hata kama una pesa. Una haki ya kutaka mtu mmoja aarifiwe uko wapi, na ukiwa umepelekwa kilomita 50 hiyo si haki ya kuiachia hivi hivi. Mtaje mtu anayeshika simu usiku. Una haki ya mkalimani kama Kiingereza cha polisi kinakupiga chenga, na Kiswahili kina wakalimani. Ukiwa raia wa nchi nyingine una haki ya kutaka ubalozi wako uarifiwe. Yote haya mwambie afisa wa mahabusu, si mpelelezi, kwa kuwa yeye ndiye anayeandika.

Siku hizi watu wengi hawakamatwi bali wanaitwa kwa "mahojiano ya hiari", na wanafunzi hudhani ni mazungumzo tu. Si mazungumzo tu. Yanarekodiwa, unaonywa kama mtuhumiwa mwingine yeyote, na utakachosema kinaweza kwenda mahakamani. Wakili wa bure unaye hata hapo, na una ruhusa ya kuondoka mradi hawajakukamata. Huenda ukaitwa kwenye ofisi za halmashauri au jengo lisilofanana na polisi hata kidogo, kwa hiyo muulize aliyekupigia ni jengo gani, mlango upi, na wakili atakutana nawe wapi kabla hamjaingia.